Fairmont: Hoteli ya kilimani San Francisco inayogusa historia ya Uhuru wa Tanganyika

Na Mwandishi Wetu

KATIKA kilele cha kilima cha Nob, jijini San Francisco, pwani ya magharibi ya Marekani, imesimama hoteli kongwe iitwayo Fairmont. Hoteli hiyo ilifungua milango yake Aprili 18, 1907 na hadi leo inapokea wageni katika vyumba vyake 606.

Wapo wanaofika hapo kwa ajili ya fungate, wapo wanaofika kwa mikutano ya biashara na wapo wanaotaka tu kusema kwamba waliwahi kulala mahali walipolala marais. Wote hao hulipa zaidi ya ambacho wangelipa katika hoteli ya kawaida iliyo bondeni.

Swali ni je, fedha hizo zinanunua nini hasa? Kitanda ni kitanda, na usingizi wa mchovu hauchagui shuka.

Jibu limo katika mambo matatu: kilima chenyewe, jengo lililonusurika katika moto ulioteketeza jiji, na mazungumzo yaliyofanyika ndani yake mwaka 1945. Hilo la tatu ndilo linalomgusa Mtanzania, kwa sababu mkutano ule ndio uliotunga masharti ambayo Tanganyika iliyatumia kudai Uhuru wake miaka kumi baadaye.

Kilima cha matajiri

San Francisco ni jiji la vilima. Limejengwa kwenye ncha ya rasi, upande mmoja Bahari ya Pasifiki na upande mwingine ghuba pana, na mitaa yake inapanda na kushuka kwa miinuko mikali kiasi kwamba baadhi ya njia za waenda kwa miguu zimewekewa ngazi.

Kilima cha Nob kina urefu wa zaidi ya mita 100 kutoka usawa wa bahari. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1870, kimo hicho kilikuwa adha badala ya fahari. Farasi waliovuta mabehewa walitaabika kukipanda, na nyakati za mvua mawe ya barabarani yaliteleza na kuwaangusha. Wenye uwezo waliona heri kujenga tambarare.

Mambo yalibadilika Agosti 1873, pale Andrew Hallidie, fundi mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akitengeneza kamba za chuma za migodini, alipoendesha tramu ya kwanza ya kebo katika Mtaa wa Clay, kwenye ubavu wa kilima hicho. Miaka mitano baadaye, mwaka 1878, njia nyingine ilifunguliwa katika Mtaa wa California kwa fedha za tajiri wa reli, Leland Stanford.

Utaratibu wa tramu hizo ni rahisi kuueleza na haujabadilika hadi leo. Chini ya barabara kuna mfereji, na ndani yake kebo ya chuma inazunguka mfululizo kwa mwendo wa takriban kilomita 15 kwa saa, ikivutwa na mitambo iliyo katika jengo moja kwenye makutano ya mitaa ya Washington na Mason. Tramu yenyewe haina injini. Mwendeshaji akitaka kuondoka huvuta wenzo unaoishika kebo, na akitaka kusimama huiachia kebo na kukaza breki.

Baada ya kupatikana usafiri huo, matajiri walipanda juu. Mbali na Stanford, wenzake watatu waliojenga naye reli ya kuvuka bara, Collis Huntington, Charles Crocker na Mark Hopkins, nao walikuwa na makasri kileleni hapo. Jina la Nob lenyewe huelezwa kuwa ni kifupisho cha neno ‘nabob’, ambalo Waingereza walilitoa India kwa maana ya mtu mwenye mali nyingi. Neno hilo la Kihindi lina asili ya Kiarabu, katika mzizi uleule uliokipatia Kiswahili neno ‘naibu’.

Walioijenga hawakuifungua

Jina la Fairmont linatokana na ukoo wa Fair. James Graham Fair alikuwa mhamiaji kutoka Ireland aliyetajirika kwa madini ya fedha yaliyochimbwa Nevada, kisha akawa seneta wa jimbo hilo kuanzia mwaka 1881 hadi 1887. Alikuwa na kiwanja kilimani Nob, lakini alifariki dunia mwaka 1894 kabla ya kujenga kasri alilolikusudia.

Binti zake wawili, Theresa na Virginia, waliamua kukitumia kiwanja hicho kumjengea baba yao kumbukumbu. Badala ya nyumba ya kuishi walichagua hoteli kubwa. Ujenzi ulianza mwaka 1902 kwa michoro ya ndugu wawili wasanifu majengo, James na Merritt Reid.

Mzigo wa gharama uliwaelemea. Mapema Aprili 1906, hoteli ikiwa imekaribia kukamilika, akina Fair waliwaachia umiliki ndugu wengine wawili, Herbert na Hartland Law.

Hazikupita wiki mbili. Alfajiri ya Aprili 18, 1906, saa 11 na dakika 12, ardhi ilitetemeka. Wataalamu wanakadiria ukubwa wa tetemeko hilo kuwa 7.9. Mabomba makuu ya maji yalipasuka, moto ukazuka sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na wazima moto wakajikuta na mipira isiyotoa maji. Jiji liliungua kwa siku kadhaa. Zaidi ya watu 3,000 wanakadiriwa kupoteza maisha na zaidi ya nusu ya wakazi wapatao 400,000 walibaki bila makazi.

Hoteli hiyo mpya ambayo ilikuwa haijawahi kulaza mgeni hata mmoja, ilisimama. Meya wa jiji, Eugene Schmitz, na kamati yake walihamia humo kwa muda baada ya moto kuwafukuza bondeni. Hata hivyo, moto uliwafuata kilimani. Makasri ya mbao ya matajiri wa reli yakageuka majivu. Ndani ya Fairmont samani zilizokuwa bado kufunguliwa ziliteketea, nguzo za chuma zikapinda na baadhi ya sakafu zikazama. Kuta za nje hazikuanguka.

Mwanamke aliyepewa kazi ya kuifufua

Wamiliki walikuwa na njia mbili: kubomoa na kuanza upya, au kuokoa gamba lililobaki. Walichagua kuokoa. Msanifu mashuhuri wa New York, Stanford White, aliyetarajiwa kuifanya kazi hiyo, aliuawa kwa risasi Juni 1906.

Ndipo alipopewa kazi Julia Morgan, mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 34. Alikuwa amesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa katika idara ya usanifu ya shule mashuhuri ya sanaa ya Paris, École des Beaux-Arts. Mwaka 1904 akawa mwanamke wa kwanza kupata leseni ya usanifu majengo katika jimbo la California.

Kilichompa sifa ni zege. Mwaka huohuo wa 1904 alikuwa amejenga mnara wa kengele katika Chuo cha Mills, ng'ambo ya ghuba, kwa zege lenye nondo, wakati wajenzi wengi walikuwa bado hawaiamini teknolojia hiyo. Tetemeko lilipopita, mnara ulibaki umesimama bila dosari kubwa. Hakukuwa na cheti cha kazi chenye uzito kuliko huo.

Kazi yake pale Fairmont ilikuwa kunyoosha na kuimarisha mifupa ya jengo, kurudisha sakafu mahali pake na kulipatia jengo mapambo mapya ya ndani. Hoteli ilizinduliwa Aprili 18, 1907, mwaka mmoja kamili tangu siku ya tetemeko. Siku hiyo ilichaguliwa makusudi ili ulimwengu uone kwamba jiji halikufa.

Morgan alifariki dunia mwaka 1957. Chama cha wasanifu majengo wa Marekani kilimtunuku nishani yake ya dhahabu mwaka 2014, na alikuwa mwanamke wa kwanza kupata heshima hiyo, akiwa kaburini kwa zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1945 na neno ‘uhuru’

Aprili 25, 1945, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni barani Ulaya, wajumbe wa mataifa walianza kukutana San Francisco kuandika mkataba wa chombo kipya cha dunia. Mkutano ulidumu miezi miwili. Nchi zilizoshiriki zilikuwa 50, na kutoka Afrika zilikuwa nne tu: Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika Kusini iliyokuwa chini ya utawala wa Wazungu wachache.

Vikao vya hadhara vilifanyika katika jumba la opera la jiji. Lakini kama ilivyo desturi ya mikutano mikubwa, maneno magumu yalizungumzwa kwingine. Ujumbe wa Marekani ulikuwa umepiga kambi Fairmont, na Waziri wa Mambo ya Nje, Edward Stettinius, alikaa katika makazi ya ghorofa ya juu kabisa. Humo ndimo alimokuwa akiwaita wakuu wa wajumbe wa mataifa makubwa, yaani Uingereza, Umoja wa Kisovieti, China na Ufaransa, kujadili mambo yaliyokwama.

Miongoni mwa mambo yaliyoleta mvutano katika mkutano huo ni hatima ya makoloni. Mataifa yaliyokuwa na makoloni yalikubali kutaja lengo la watu kujitawala, lakini hayakutaka neno ‘uhuru’ liandikwe. China na Umoja wa Kisovieti zilitaka liwemo. Marekani, iliyokuwa na wasiwasi wa kuwaudhi washirika wake wa Ulaya, ilisita.

Kwa msomaji wa Kiswahili tofauti hiyo haihitaji maelezo marefu. Ni tofauti ileile iliyopo kati ya madaraka na uhuru. Nchi inaweza kupewa madaraka ya kuendesha mambo yake ya ndani huku bendera ya mtawala ikiendelea kupepea.

Mwishowe ulipatikana mwafaka wa nusu kwa nusu. Katika Sura ya 11 ya Mkataba, inayohusu makoloni yote kwa ujumla, neno ‘uhuru’ halikuandikwa. Katika Sura ya 12, inayohusu nchi zilizowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, liliandikwa: lengo la udhamini ni kuwaendeleza wenyeji kuelekea kujitawala au uhuru.

Miongoni mwa walioziandaa sura hizo alikuwamo Ralph Bunche, mtaalamu Mmarekani mweusi aliyekuwa katika ujumbe wa nchi yake, ambaye mwaka 1950 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani.

Kwa Afrika Mashariki, mstari huo kati ya sura mbili ulikuwa na matokeo makubwa. Kenya ilikuwa koloni na Zanzibar ilikuwa nchi lindwa, hivyo zote ziliangukia Sura ya 11. Tanganyika, iliyonyang'anywa Wajerumani baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kukabidhiwa Uingereza kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, iliingia katika udhamini mwaka 1946. Ruanda-Urundi nayo iliingia humo chini ya Ubelgiji.

Udhamini ulikuja na haki mbili ambazo koloni la kawaida halikuwa nazo. Wenyeji waliruhusiwa kupeleka malalamiko yao moja kwa moja Umoja wa Mataifa, na Umoja wa Mataifa uliruhusiwa kutuma ujumbe wake kukagua hali ya nchi.

Ujumbe wa ukaguzi uliofika Tanganyika mwaka 1954 ulipendekeza kwamba nchi hiyo ingeweza kujitawala katika kipindi cha miaka 20 hadi 25, pendekezo lililoikera serikali ya Uingereza. Machi 1955, Julius Nyerere, rais wa chama cha TANU kilichokuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini mjini New York kueleza madai ya watu wake. Alizungumza akiwa na haki ya kusikilizwa iliyotoka katika Mkataba ule wa San Francisco.

Tanganyika ilipata serikali ya madaraka Mei 1961 na Uhuru kamili Desemba 9 mwaka huohuo. Safari iliyokadiriwa kuchukua zaidi ya miaka 20 ilimalizika kwa saba.

Ikumbukwe kwamba Uhuru haukuletwa na hoteli wala na karatasi. Uliletwa na wananchi waliojipanga, waliochanga senti zao na kumtuma msemaji wao ng'ambo. Hata hivyo, msemaji huyo alihitaji mlango wa kubisha hodi, na mlango huo ulichongwa San Francisco.

Mkataba ulitiwa saini Juni 26, 1945. Rais Harry Truman alifika jijini siku iliyotangulia na kufikia Fairmont. Leo bendera za mataifa zinazopepea juu ya lango kuu la hoteli, pamoja na bamba la kumbukumbu, zinawakumbusha wapita njia tukio hilo.

Bwawa lililogeuzwa baa

Mwaka huohuo wa 1945 hoteli ilinunuliwa na mfanyabiashara Benjamin Swig, na mpambaji maarufu, Dorothy Draper, akapewa kazi ya kuibadilisha sura kwa rangi kali na mazulia yenye maua makubwa. Bwawa la kuogelea la ndani, lililojengwa mwaka 1929, liligeuzwa baa yenye mandhari ya visiwa vya Pasifiki, ikaitwa Tonga Room. Maji ya bwawa yaliachwa. Hadi sasa wanamuziki hupiga muziki wakiwa ndani ya mashua inayoelea, na kila baada ya muda huja radi na mvua ya kutengenezwa.

Katika ukumbi mwingine wa hoteli, Venetian Room, mwimbaji Tony Bennett aliimba kwa mara ya kwanza hadharani wimbo wa kuisifu San Francisco uliomletea umaarufu duniani. Ilikuwa Desemba 1961, mwezi uleule ambao Tanganyika ilipandisha bendera yake. Sanamu ya mwimbaji huyo iliwekwa nje ya hoteli mwaka 2016, miaka saba kabla ya kifo chake.

Mwaka 1961 pia ndipo ulipokamilika mnara mrefu wa vyumba nyuma ya jengo la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulifanyika ukarabati mkubwa uliorudisha ukumbi wa mapokezi katika mwonekano wa enzi za Morgan: sakafu ya marumaru, nguzo nene zenye vichwa vilivyopakwa rangi ya dhahabu na dari ya juu.

Uhai wa jengo la kale haujihakikishii wenyewe. Mwaka 2009 ulitolewa mpango wa kuubomoa mnara na kujenga mahali pake makazi ya kuuza, jambo ambalo lingeifuta Tonga Room. Wakazi walipiga kelele na idara ya mipango miji ikaitambua baa hiyo kuwa rasilimali ya kihistoria. Mpango huo haukutekelezwa.

Anayetaka kulala humo ajue nini?

Jambo la kwanza ni kuchagua jengo. Anayependa historia huchagua vyumba vya jengo kuu la mwaka 1907, vyenye dari ndefu na kuta nene. Anayependa mandhari huchagua mnara wa mwaka 1961, ambao vyumba vyake vya juu hutazama ghuba, kisiwa cha Alcatraz kilichokuwa gereza, na madaraja makubwa ya jiji. Ni vyema kutaja chaguo hilo wakati wa kuweka nafasi, kwa sababu mgeni asiyetaja huchukua atakachopewa.

Jambo la pili ni gharama. Bei haina kima kimoja. Hupanda siku ambazo jiji lina mikutano mikubwa ya kitabibu au ya teknolojia, na hushuka mikutano inapokwisha. Juu ya bei ya chumba kuna kodi ya jiji ya asilimia 14 pamoja na tozo ndogo, na zipo hoteli zinazoongeza ada ya huduma ya kila siku. Tangu Mei 2025, kanuni ya serikali kuu ya Marekani inazitaka hoteli kutangaza bei ikiwa pamoja na ada zote za lazima, isipokuwa kodi za serikali.

Bakshishi nayo si hiari kama inavyodhaniwa na wageni wengi. Mpagazi anayebeba mizigo na mtandika vitanda anayesafisha chumba hutarajia kupewa chochote, na fedha hizo ni sehemu ya riziki zao. Wafanyakazi wa hoteli jijini humo wanajulikana kwa kutetea maslahi yao. Mwaka 2024 mgomo katika baadhi ya hoteli kubwa za jiji uliendelea kwa zaidi ya miezi mitatu, wakidai mishahara na bima ya afya. Mgeni mwenye busara huuliza mapema kama hoteli anayokwenda ina mgogoro.

Jambo la tatu ni hali ya hewa. Wengi hudhani Julai ni mwezi wa joto California nzima na hufika na mashati mepesi. San Francisco hufunikwa na ukungu unaotoka baharini katika miezi ya katikati ya mwaka, na mchana wa Julai mara nyingi hauzidi nyuzi joto 20. Aliyelipia mandhari anaweza kufungua pazia akakuta weupe mtupu. Miezi ya Septemba na Oktoba ndiyo yenye joto zaidi.

Jambo la nne ni miguu. Uwanja wa ndege wa kimataifa uko kusini mwa jiji, na treni ya BART humfikisha msafiri katikati ya jiji. Akishukia kituo cha Embarcadero, anaweza kupanda tramu ya kebo ya Mtaa wa California inayopita ubavuni mwa hoteli, ingawa haifai kwa mwenye masanduku makubwa. Anayejaribu kupanda kilima kwa miguu akiwa na begi la magurudumu atajua kwa nini matajiri wa mwaka 1870 hawakukaa huko.

Asiye na uwezo wa kulala

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya kinachouzwa kilimani hapo inaonekana bila kulipa. Ukumbi wa mapokezi uko wazi, na anayeingia kwa adabu kuangalia nguzo na bamba la mwaka 1945 hafukuzwi. Baa ya juu ya hoteli jirani ya Mark Hopkins, iliyofunguliwa mwaka 1939 katika ghorofa ya 19, ndiyo ambako askari waliokuwa wakipelekwa vitani Pasifiki waliagana na jiji. Pembe yake moja ya kaskazini magharibi iliitwa kona ya waliao, kwa sababu wake zao walisimama hapo kutazama meli zikitoka langoni mwa ghuba.

Hatua chache kutoka hapo kuna jumba la mawe la kahawia la tajiri James Flood, ambalo kuta zake zilistahimili moto wa mwaka 1906, na bustani ya Huntington iliyo mahali palipokuwa na kasri la mfalme wa reli. Kwenye mtelemko, jengo la mitambo ya tramu lina makumbusho yasiyotoza kiingilio, ambamo mtu huona magurudumu makubwa yakivuta kebo zinazoendesha tramu zote za jiji.

Vitu hivi vyote vimebaki kwa sababu kila kizazi kilipata mtu aliyekataa kubomoa: wamiliki wa mwaka 1906 waliookoa kuta, fundi aliyejua kuzitia nguvu na wakazi waliopiga kelele mwaka 2009.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na hoteli ya rika moja na Fairmont. Ni Kaiserhof, iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye ikaitwa New Africa. Jina hilo lipo hadi leo mahali palepale, lakini jengo la kale halipo. Historia iliyopita katika vyumba vyake sasa inasimuliwa kwa mdomo na kwa picha za zamani.

Mtanzania atakayepata nafasi ya kupita San Francisco, awe mwanafunzi, mfanyabiashara au msafiri wa mapumziko, ana sababu ya kukipanda kilima cha Nob hata kama atalala kwingine. Zile bendera langoni mwa Fairmont ni kumbukumbu ya miezi miwili ambayo wakubwa wa dunia walibishana kuhusu neno moja, na Tanganyika, ambayo haikuwa na kiti katika mkutano ule, ikaja kulidai neno hilo na kulipata.